Kwa nini Kihispania? Kamusi ya Kikongo ya mwaka 1652 na vita vya wafalme wa Hispania

Makala hii imetokana na kosa langu mwenyewe. Mwaka uliopita niliandika kazi ya kozi juu ya historia ya kamusi za lugha za Kibantu. Katika ukurasa wa pili nilisema, bila kusitasita, kwamba kamusi kongwe zaidi ya Kikongo tuliyo nayo iliandikwa kwa lugha tatu: Kilatini, Kireno na Kikongo. Mwalimu alizungushia neno «Kireno» duara jekundu, akaandika pembeni neno moja tu: «Soma».

Nilisoma. Hati hiyo inajulikana kwa jina la Kilatini, Vocabularium Latinum, Hispanicum et Congense. Nakala iliyotufikia ni ya mwaka 1652, nayo inahifadhiwa katika Maktaba ya Taifa mjini Roma. Watafiti wanaihesabu kuwa kamusi kongwe zaidi ya lugha ya Kibantu inayojulikana mpaka leo. Na lugha yake ya katikati si Kireno. Ni Kihispania.

Naomba mnielewe kwa nini nilikosea. Wareno walifika kwenye mdomo wa mto Kongo katika miaka ya 1480. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa, akachukua jina la mfalme wa Ureno, João. Mwanawe Afonso I aliandika barua zake kwa Kireno, na wakubwa wa Mbanza Kongo wakaitwa Dom na Dona. Kwa muda wa miaka 150 na zaidi, Mkongo aliyejifunza lugha ya Ulaya alijifunza Kireno. Sasa Kihispania kiliingiaje katika kamusi ya kwanza?

Nilitafuta jibu ndani ya kamusi, sikulipata. Nililikuta kwenye vita ambavyo wafalme wa Hispania walipigana na mahasimu wao kwa karibu miaka mia moja. Wengi wetu tuliwahi kuvisikia sekondari kama orodha ya tarehe tu. Nitajaribu kuvieleza hapa kama nilivyovielewa, kisha tutairudia kamusi yetu.

Mfalme mmoja, nchi nyingi

Jambo la kwanza la kushika ni hili: Hispania ya wakati ule haikuwa nchi moja yenye mipaka kama tunavyoiona leo kwenye ramani. Mfalme Felipe II, aliyetawala kuanzia 1556 hadi 1598, alikuwa mtu mmoja mwenye mataji mengi. Alikuwa mfalme wa Castilla na wa Aragón, mtawala wa Milano, Napoli na Sicilia, bwana wa makoloni makubwa ya Amerika, na pia bwana wa majimbo 17 ya kaskazini mwa Ulaya yaliyoitwa Nchi za Chini. Majimbo hayo ndiyo leo, kwa sehemu kubwa, Uholanzi, Ubelgiji na Luxembourg. Kila nchi ilikuwa na sheria zake, mabaraza yake na lugha zake.

Ugomvi ulianzia katika Nchi za Chini. Watu walilalamikia kodi, walilalamikia kuingiliwa katika haki zao za zamani, na wengi walikuwa wamefuata mafundisho ya Kiprotestanti ambayo mfalme hakutaka hata kuyasikia. Mwezi Aprili 1566 kundi la wakubwa lilikwenda Brussels kumpelekea ombi Margareta wa Parma, aliyetawala kwa niaba ya mfalme. Inasimuliwa kwamba mshauri wake mmoja alimtuliza kwa kuwaita wale watu «gueux», yaani ombaomba. Wao hawakukasirika. Walilichukua tusi lile likawa jina lao la heshima, Geuzen, na baadaye hata mabaharia wao waliopigana na meli za mfalme waliitwa Ombaomba wa Bahari. Sisi wa fakulte ya lugha tunajua kwamba jina la matusi linaweza kugeuzwa bendera.

Mwaka 1567 Felipe alimtuma mtemi wa Alba na jeshi. Mwaka 1568 vita vikaanza. Waholanzi wanaviita Vita vya Miaka Themanini, kwa maana vilikwisha 1648. Mwaka 1579 majimbo yaligawanyika: ya kaskazini yalifunga umoja wao mjini Utrecht, na miaka miwili baadaye yakatangaza kwamba Felipe si bwana wao tena. Sehemu kubwa ya kusini ilirudi chini ya mfalme na kubaki Katoliki.

Mpaka uliotokana na vita hivyo unatuhusu kuliko tunavyofikiri. Kusini ile ya Kikatoliki, baada ya kupita mikononi mwa Hispania, kisha Austria, kisha Ufaransa, kisha kuunganishwa na Uholanzi mwaka 1815, ndiyo iliyojitenga mwaka 1830 na kuwa Ubelgiji. Na ndani yake kuna mji mdogo wa Geel, karibu na Antwerpen, jiji tunalolijua zaidi kwa jina lake la Kifaransa, Anvers. Msomaji aukumbuke mji huo, tutaukuta tena.

Vita vya feza

Huku kwetu tunasema «feza» tukiwa na maana ya pesa. Katika Kiswahili sanifu neno lile lile, fedha, ni pesa na pia ni madini meupe. Kifaransa nacho hufanya hivyo kwa neno «argent». Katika vita vya Hispania maana hizo mbili zilikuwa kweli kitu kimoja. Madini ya Amerika, hasa ya mlima wa Potosí katika nchi tunayoiita leo Bolivia, yalivuka bahari kila mwaka kwa msafara wa meli hadi Sevilla. Humo mlikuwa na mshahara wa askari wa Flandria.

Lakini mshahara ulichelewa mara nyingi. Jeshi la Hispania lilikuwa na sifa kubwa vitani, na ndani yake walikuwamo Wahispania, Waitaliano, Wajerumani na watu wa Nchi za Chini zenyewe. Njia ya baharini ilikuwa ya hatari kwa sababu ya adui, kwa hiyo askari wengi walitembea kutoka Milano, wakivuka milima ya Alpes, hadi Brussels. Wakifika bila kulipwa waligoma. Kati ya mwaka 1572 na 1607 migomo ya askari ilitokea zaidi ya mara 40. Mgomo mbaya kuliko yote ulikuwa wa Novemba 1576, askari wenye njaa ya mshahara walipoupora mji wa Antwerpen na kuua maelfu ya wakazi wake. Sisi tunaotoka mashariki ya Kongo hatuhitaji maelezo marefu juu ya kile ambacho askari asiyelipwa anaweza kumfanyia raia.

Ukiziweka tarehe za kufilisika kwa hazina ya Hispania kando ya tarehe za mapatano, utaona zinavyofuatana. Mwaka 1607 hazina ilitangaza kwamba haiwezi kulipa madeni. Mwaka 1609 vita vikasimamishwa kwa miaka 12. Mwaka 1647 ikafilisika tena. Januari 1648 Hispania ikatia sahihi amani na Uholanzi mjini Münster.

Adui nao walijua kwamba nguvu ya mfalme iko katika feza. Mwaka 1628 Piet Hein, amiri wa Waholanzi, aliukamata msafara wa meli za madini katika ghuba ya Matanzas, Cuba. Kwa mwaka huo Uholanzi ilipigana kwa pesa za adui yake.

Si vita vya dini peke yake

Nilipokuwa nikisoma nilidhani, kama wengi, kwamba hivi ni vita vya Wakatoliki na Waprotestanti. Dini ilikuwamo, na watu waliuawa kwa ajili yake. Lakini mwaka 1635 Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Hispania. Mfalme wa Ufaransa alikuwa Mkatoliki, na waziri wake mkuu, Richelieu, alikuwa kardinali. Kardinali huyo alishirikiana na Waholanzi na Waswidi Waprotestanti dhidi ya mfalme Mkatoliki wa Hispania, kwa sababu nchi za mfalme huyo ziliizunguka Ufaransa kusini, mashariki na kaskazini. Vita hivyo viliingiliana na vile vya Ujerumani vilivyoanza 1618, tunavyoviita Vita vya Miaka Thelathini.

Felipe IV, mjukuu wa Felipe II, alitawala wakati huo pamoja na waziri wake, Olivares. Castilla ilikuwa imechoka kulipa peke yake. Mwaka 1626 Olivares alitaka kila nchi ya mfalme itoe askari na mali kwa ajili ya wote. Kwake ulikuwa mpango wa haki. Kwa watu wa Catalunya na Ureno ilikuwa ni kulipia vita visivyo vyao.

Mwaka 1640 uzi ulikatika mara mbili. Mwezi Juni Barcelona iliasi, na Catalunya ikaomba ulinzi wa Ufaransa. Tarehe 1 Desemba wakubwa wa Lisbon waliingia katika jumba la utawala na kumtangaza mtemi wa Bragança kuwa mfalme João IV. Hapo ndipo fumbo la kamusi yetu linapoanza kufunguka.

Vita vinafika Luanda

Ureno iliingiaje katika habari hii? Mwaka 1580 mfalme wake alikuwa amefariki bila mtoto, na Felipe II akalichukua taji. Kwa miaka 60 mfalme wa Hispania alikuwa pia mfalme wa Ureno na wa makoloni yake yote. Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, ilianza kujengwa mwaka 1593 chini yake. Wareno walipata bwana mpya na, pamoja naye, wakapata maadui wake. Waholanzi walianza kushambulia mali za Ureno kila mahali, kwanza kwa kampuni yao ya India ya Mashariki ya mwaka 1602, kisha kwa ile ya India ya Magharibi ya mwaka 1621.

Mwaka 1630 kampuni hiyo ya pili iliteka Pernambuco, nchi ya miwa ya Brazil. Mashamba ya miwa yaliendeshwa na watumwa, na watumwa wengi walitoka Angola. Kwa hiyo Waholanzi waliutamani mji wa Luanda. Hawakuja kumkomboa mtu. Walikuja kuishika soko lile la watu kwa faida yao wenyewe.

Hapa pana jambo la kushangaza. Baada ya uasi wa Lisbon, Ureno na Uholanzi walikuwa na adui mmoja, Hispania. Mwezi Juni 1641 walitia sahihi mapatano ya kusimamisha vita. Hata hivyo, mwezi Agosti mwaka huo huo meli za Waholanzi kutoka Brazil ziliiteka Luanda.

Na Mkongo alikuwa wapi? Hakuwa mtazamaji. Garcia II alikuwa ameshika ufalme wa Kongo mwaka ule ule wa 1641. Ufalme wake ulienea katika kaskazini ya Angola ya leo na sehemu ya jimbo letu la Kongo Central. Wareno wa Luanda walikuwa wamemsumbua kwa muda mrefu, kwa hiyo alifanya urafiki na Waholanzi, na wajumbe kutoka Kongo walivuka bahari mpaka Brazil na Uholanzi. Malkia Njinga naye alijiunga na Waholanzi. Lakini Garcia hakuiacha dini yake: alichukua msaada wa Waprotestanti akabaki Mkatoliki. Richelieu alifanya vile vile huko Paris, na vitabu vinamwita mwanasiasa hodari. Sioni sababu ya kumnyima Garcia sifa hiyo.

Wakapuchini na safu ya katikati

Tatizo la Garcia lilikuwa mapadre. Wafalme wa Kongo walikuwa wameomba Roma, kwa miaka mingi, wamisionari wasioamriwa na Wareno. Roma nayo, tangu ilipounda mwaka 1622 idara ya kueneza imani iitwayo Propaganda Fide, ilitaka kutuma watu wake yenyewe. Wakachaguliwa Wakapuchini. Njia ya kawaida ilipitia Lisbon, lakini uasi wa 1640 uliivuruga. Zaidi ya hayo, Papa hakumtambua mfalme mpya wa Ureno, maana Hispania ilimzuia. Basi Wakapuchini wa kwanza, Waitaliano na Wahispania, waliondoka kupitia Hispania, na mwaka 1645 walishuka Mpinda, bandari ya Soyo.

Hilo ndilo jibu la swali langu. Kama Lisbon isingaliasi, mapadre wangalipita Lisbon na kamusi ingalikuwa na Kireno. Neno Hispanicum katika jina la hati ni alama ya vita iliyobaki katika kitabu cha msamiati. Wareno wenyewe waliiona alama hiyo: waliwashuku Wakapuchini waliotoka Hispania kuwa ni wapelelezi wa Felipe IV.

Aliyenakili hati ya 1652 aliitwa Joris van Geel, yaani Joris wa Geel, ule mji niliowaomba mkumbuke. Alizaliwa katika kusini ya Nchi za Chini iliyobaki kwa mfalme wa Hispania. Lugha ya kwao ilikuwa Kiflemi, lakini alinakili kamusi ya Kihispania. Alifariki Kongo mwaka huo huo wa 1652, baada ya kupigwa na wanakijiji kwa sababu alichoma vitu vyao vya ibada.

Lakini kunakili si kutunga. Watafiti kadhaa wanaona kwamba kazi yenyewe, au sehemu yake kubwa, ni ya Manuel Roboredo, padre mzaliwa wa Kongo, ambaye baba yake alikuwa Mreno na mama yake mwanamke wa ukoo wa kifalme. Roboredo aliwafundisha Wakapuchini Kikongo, kisha akajiunga nao. Mgeni aliyeshuka juzi melini hawezi kukusanya peke yake maelfu ya maneno ya lugha asiyoijua. Mtu aliyekuwa na lugha zote kichwani ni huyu. Na bado katika vitabu vingi kamusi inaitwa «ya van Geel».

Vita vilikwisha lini?

Kitabu cha shule kinasema 1648. Ni kweli kwa Waholanzi na kwa Wajerumani. Si kweli kwa wengine. Mwezi Agosti 1648, miezi michache baada ya amani ya Münster, meli za Wareno kutoka Rio de Janeiro ziliirudisha Luanda mikononi mwao, na Garcia akabaki bila rafiki. Hispania na Ufaransa zilipigana mpaka 1659, zilipotia sahihi Amani ya Pirenei. Mwaka huo huo wa 1659 Mkapuchini mwingine, Giacinto Brusciotto, alichapisha Roma sarufi ya Kikongo iliyoeleza mpangilio wa ngeli, jambo ambalo kila mmoja wetu hulisoma mwaka wa kwanza. Hispania iliitambua Ureno mwaka 1668 tu.

Kabla ya hapo, mwezi Juni 1665, Ureno ilikuwa imeshinda Wahispania kwa pigo la mwisho huko Montes Claros. Tarehe 29 Oktoba mwaka ule ule, Wareno wa Angola walilishinda jeshi la Kongo huko Mbwila. Mfalme António I aliuawa. Roboredo, padre wa kamusi, anatajwa miongoni mwa waliokufa pamoja naye.

Hati iliendelea kuishi. Mwaka 1928 Wajesuiti wawili Wabelgiji, van Wing na Penders, waliichapisha baada ya kuibadilisha sana: Kikongo kikatangulia, na penye Kihispania wakaweka Kifaransa na Kiflemi, lugha za watawala wapya wa Kongo. Safu ya katikati ilikuwa imebadilisha bwana kwa mara nyingine.

Kiswahili chetu nacho kina habari ya namna hiyo. Krapf alikuwa Mjerumani, lakini kamusi yake iliyotoka London mwaka 1882 ilifasiri Kiswahili kwa Kiingereza, kwa sababu waliomtuma awali walikuwa Waingereza.

Niliiandika upya ile kazi ya kozi. Safari hii sikusahihisha neno moja tu. Niliongeza aya juu ya vita, na nyingine juu ya Roboredo. Wanafunzi wenzangu mnaoandaa TFC zenu mwaka huu, mtakapofungua kamusi ya zamani ya lugha yoyote ya kwetu, msianze na herufi A. Anzeni na jalada: lugha ya katikati ni ipi, ililetwa na meli ya nani, na mwenye lugha aliyejibu maswali yote yale ameandikwa wapi. Kama hajaandikwa, mtafuteni. Mimi nilimpata wangu kwa sababu ya duara jekundu la mwalimu, na ninamshukuru.